Saa Niliyomwachia Mama Mlimani

Nilinunua saa mbili za mkononi za namna moja kwenye meza moja ya soko la Uvira, na muuzaji akaniona nimerukwa na akili. Nilisimama mbele yake zaidi ya robo saa, nimezishika ubavu kwa ubavu, nikitazama mishale ya sekunde ikizunguka pamoja. Akaniuliza kama nanunua ama nasali. Nikamjibu kwamba nafanya vyote viwili, nikazichukua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nakaa Kilibula, mtaa wa Uvira, na watoto wangu, nafundisha sekondari, na kila mwaka nafika kwenye zile kurasa chache ambazo wenzangu wengi huziruka: nadharia ya uhusianifu, ambayo darasani tunaiita tu relativite. Wanaoiruka wanasema mtihani wa serikali hauigusi sana. Mimi siiruki. Naipenda kama mtu anavyompenda mtoto msumbufu, na mtu akiniambia haina faida kwa watoto wa Uvira namnunia wiki nzima.

Jambo lenyewe laweza kusemwa kwa maneno machache. Wakati haupiti kwa mwendo mmoja kila mahali. Karibu na kitu kizito kama dunia, saa hutembea polepole. Ukiipandisha juu, inakimbia kidogo. Na saa inayosafiri mbio huchelewa ikilinganishwa na ile iliyotulia nyumbani. Saa zenyewe ni nzima, hazina ugonjwa wowote. Wakati ndio unaonyooka na kubanana. Mtu mmoja aliyaandika haya zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwa kalamu na karatasi, na tangu hapo wanasayansi hawajaacha kumtafutia kosa.

Mwaka ule nilipolifikisha darasani, msichana wa dawati la mbele alinyanyua mkono.

"Madamu, kama saa ya ku mulima inakimbia, si mulima huu hapa? Tupime."

Darasa lote likageukia dirishani. Kweli, Uvira imebanwa kati ya ziwa na milima. Ukitoka uwanjani kwetu, maji yako upande huu na ukuta wa mlima uko upande ule, na sisi katikati kama karatasi ndani ya kitabu. Nilijua kabisa kwamba saa za sokoni hazitaonyesha kitu. Kati ya ziwa na kijiji cha mama yangu, kilicho mlimani juu ya Luvungi, kuna kama mita elfu moja za kwenda juu. Kwa kimo hicho, ukigawa sekunde moja vipande milioni, saa ya juu huitangulia ya chini kwa vipande vitatu na nusu hivi, tena kwa mwaka mzima. Saa ya sokoni inakosea kupita hapo kabla hujamaliza kuifunga mkononi. Lakini nilitaka wanafunzi waone kwa macho yao jinsi jaribio linavyoshindwa, maana kazi kubwa ya wanafizikia ni hiyo. Basi saa moja ikafungiwa kabatini shuleni, ya pili nikampelekea mama.

Mama alikuwa anakaa na mdogo wangu wa kiume na mke wake, katika boma lilelile tulimozaliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkulima wa maharage, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Nilimpelekea pia ndagala, yaani dagaa wa ziwani, sabuni na dawa zake za presha. Nikaiweka saa kwenye rafu, pembeni ya redio.

"Mama, hii saa usiiguse. Nitakuya kuichukua nyuma ya miezi tatu."

"Iko inafanya nini?"

"Iko inapima wakati wa huku kwenu."

"Kumbe wakati wa huku haiko sawa na wa kwenu?"

Nikamwambia kwamba huku unakimbia kidogo. Akafikiri.

"Ndiyo juu ya ile magoti yangu inauma kupita ya shangazi yako wa Makobola," akasema. "Yeye anakaa ku maji, minye niko huku juu ninazeeka mbio."

Nilicheka hadi nikashika mlango, na huku nacheka nikijua kwamba kwa upande wa hesabu hakuwa amekosea. Kiasi tu ndicho alichokizidisha.

Alitaka kujua wanasayansi wamepimaje. Tukakaa uani tukipukuchua maharage, nikamsimulia. Nikamwambia kwamba walipandisha saa za thamani katika ndege za abiria, wakazifunga mikanda vitini kama watu, wakazizungusha dunia, na waliporudi wakazilinganisha na zile zilizobaki nyumbani. Zilikuwa zimeachana kwa sehemu za bilioni za sekunde, kiasi kilekile kilichotabiriwa. Mama akauliza kama hizo saa zilipewa chakula ndani ya ndege. Nikamwonyesha simu ya mdogo wangu, inayomwambia mahali alipo. Juu angani, nikamwambia, kuna satelaiti zenye saa ndani, na kila siku saa hizo zinatangulia za huku chini kwa vipande thelathini na nane vya ile sekunde iliyogawanywa milioni. Wenye kuzitunza wasiposahihisha, kesho simu itasema nyumba hii iko katikati ya ziwa.

"Ziwa inapanda, lakini haijafika huku," mama akasema.

Kitu alichokipenda zaidi kilikuwa kile cha vijipande vinavyozaliwa juu sana angani, pale miale kutoka mbali inapogonga hewa. Ni vidogo kuliko atomu, na maisha yao ni mafupi mno, vipande viwili tu vya sekunde yetu. Kwa mbio zao zote vingepaswa kufa baada ya mita mia chache. Lakini kwa sababu vinakwenda karibu sawa na mwanga, wakati wao unarefuka, vinashuka kilomita kumi na zaidi, vinatufikia hapa chini. Watu wamevihesabu juu ya milima na chini ya milima, na hesabu inakubaliana na yule mtu wa kalamu.

"Sasa hivi vinapita mu mukono yako," nikamwambia.

Mama aliugeuza mkono, akautazama muda mrefu, halafu akautazama wangu. "Bitoto bya kufa juu, lakini binatufikia," akasema kwa sauti ndogo. Nilimpenda sana dakika ile, nikajifanya natafuta mawe ndani ya maharage.

Miezi mitatu ikapita, nikaipeleka saa darasani. Tuliziweka mbili mezani, wanafunzi wakajazana. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa tofauti ya sekunde ishirini au thelathini, na nimeandaa hotuba nzima kuhusu baridi ya mlimani, betri na uchafu wa vipimo. Saa zilikuwa sawa. Sawa kabisa, mshale juu ya mshale. Darasa likapiga kelele kwamba relativite imekufa. Mimi nikapigwa na butwaa, maana saa mbili za sokoni kulingana hivyo kwa miezi mitatu ni muujiza kuliko relativite yenyewe.

Nikampigia mama simu palepale, wanafunzi wakisikiliza.

"Mama, ile saa uliigusa?"

"Ilikuwa inabaki nyuma kidogo. Kila siku ya Mungu minye niliisaidia, niliipanga na saa ya redio. Sikutaka saa yako ipate haya mbele ya batoto ba masomo."

Ile ya kabatini ilikuwa imekwenda sawa na redio kwa bahati tu. Darasa lilicheka hadi prefe, mkuu wa shule yetu, akaja kuchungulia. Hotuba yangu ikaenda na maji, lakini somo lilikuwa limefika vizuri kuliko nilivyopanga. Wanaopima relativite, niliwaambia, hutumia miaka kumi kufukuza kila mkono unaosaidia: joto, mtikisiko, sumaku, na mapenzi yao wenyewe ya kutaka jibu fulani. Wengine huficha hata matokeo wasiyaone mpaka hesabu zote zikamilike. Mama yangu asingeajiriwa katika maabara yoyote duniani.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana ndiyo iliyoniumbua.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Anasindikizwa, hata kama ni binti wa nyumba. Na maneno mazito hayasemwi ndani. Ndani mnazungumza mvua na bei ya sukari. Maneno yenyewe yanasubiri njiani, mkitembea bega kwa bega bila kutazamana, na lile la mwisho linatolewa pale mnapoachana. Mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Njiani ndipo aliponiambia kwamba baba hatapona. Njiani ndipo aliponiambia kwamba nimemtoa machozi siku nilipopata diploma, machozi ambayo siku yenyewe sikuyaona. Kama kuna kitu najua kuhusu moyo wa mama yangu, nilikijua nikiwa na mfuko begani.

Miaka yote alinisindikiza hadi daraja la mbao, nusu saa kwenda chini, ambako pikipiki za Luvungi husubiri abiria. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba jioni. Safari moja aliishia kwenye kanisa, akasema ana mazoezi ya kwaya. Safari iliyofuata aliishia kwenye bomba la maji, na pale hakutoa sababu. Mimi nina tabia mbaya ya kuhesabu. Nilihesabu hatua zake, nikaziandika nyuma ya daftari la maksi. Kuna wanafizikia waliojenga mabomba mawili marefu ya kilomita kadhaa, yamekutana kama kona ya nyumba, na mwanga unakwenda na kurudi ndani. Nyota zilizokufa zikigongana mbali huko, anga lenyewe linatikisika, na mabomba yale yanafupika na kurefuka kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu. Wao wanaona ufupi huo na kufurahi. Mimi niliona njia ya mama ikifupika kwa mamia ya hatua na sikufurahi hata kidogo. Nilirudi Kilibula nikaunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni kwa kulia bila kukoroga.

Nikamshusha kwa daktari mjini Uvira. Daktari akasema moyo umechoka, unapiga bila nguvu, maji yanabaki mwilini. Dawa zipo, lakini lazima aonwe kila wiki, zibadilishwe kadiri hali inavyokwenda. Kwa hiyo ahamie chini. Akibaki mlimani, akasema akinitazama mimi, siku moja atazidiwa na hakuna pikipiki itakayowahi.

Mama alikataa. Nilibembeleza, nikagomba, nikamtuma mchungaji, nikamtuma shangazi wa Makobola. Kila mmoja alirudishwa na jibu lake. Mimi nilipewa hili: "Huko kwenu ziwa inakula manyumba. Mulima haikule muntu." Nikamwambia kwamba huku chini wakati unakwenda polepole, kwa hiyo ataishi zaidi. Akauliza zaidi kwa kiasi gani, nikamwambia ukweli, vipande vitatu na nusu. Akasema kwa vipande vitatu hawezi kuacha maharage yake.

Basi ikaja ile safari. Nilikuwa nimelala kwake siku mbili, na mara zote mbili nilimsikia akikaa kitandani kuvuta pumzi. Jioni ya mwisho nikamwona anaweka viatu vyake vyeusi vya kanisani karibu na mlango, na kitenge kimekunjwa juu yake. Alikuwa anajiandaa kunisindikiza. Nikafikiri juu ya njia ile, mteremko, na zaidi ya yote kurudi kupanda. Nikaona nina akili sana. Nikampigia dereva wa pikipiki aje hadi uani alfajiri. Mama akiwa bado amelala, nikamwambia wifi yangu amsalimie, nikaondoka. Njia nzima ya kushuka nilijisifu kwamba nimemwokolea mama hatua mia nne, za kwenda bombani na kurudi.

Nilikuwa Luvungi, nasubiri gari la Uvira, simu ikalia. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, umefanya nini? Mama alitoka. Alikufuata."

Aliamka, akaona kitanda changu kitupu, hakumsemesha mtu. Akavaa viatu, akafunga kitenge, akatoka. Alipita bomba la maji. Akapita kanisa. Alikwenda njia yote hadi daraja la mbao, njia ambayo hakuwa ameiweza kwa karibu mwaka mzima, na hapo ndipo walipomkuta, ameketi kwenye gogo la daraja, miguu imejaa, anahema. Walimrudisha kwa pikipiki, mdogo wangu amemkumbatia kwa nyuma asianguke.

Nikataka kupanda tena mara ile. Mdogo wangu akasema hapana, mama hataki kuniona. Alinipa ujumbe wake neno kwa neno, na sijawahi kuusahau. "Umwambie, muntu anaachaka kusindikiza akishakufa. Minye bado. Ama yeye alishanizika?"

Kwa wiki tatu mama hakunisemesha. Nilipopiga simu, nilimsikia nyuma akimwambia mkwewe aseme amelala, saa nne asubuhi. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na mwanzoni nilijitetea mwenyewe jikoni: nimefanya kosa gani, nimemhurumia mama yangu, hilo ni kosa? Kisha mdogo wangu akaniambia kitu kingine. Usiku ule kabla sijaondoka, mama alimwambia kwamba ana neno la kunipa njiani.

"Neno gani?"

"Alikatala kusema. Anasema ni la njiani."

"Aniambie basi na simu."

"Yaya, weye mwenyewe unajua. Simu si njia."

Siku chache baadaye nilikuwa darasani, bado tuko kwenye saa. Nilikuwa naeleza kwamba saa mbili zilizo mbali haziwezi kujua kama zimeachana mpaka kitu kitoke kwa moja kiifikie nyingine. Siku hizi watu hutuma mwanga ndani ya nyaya za kioo. Zamani, na hata leo mahali ambako nyaya hazifiki, watu huibeba saa yenyewe, wanaipakia garini, wanaipandisha mlimani taratibu, wanaikalisha karibu na nyingine, kisha wanaishusha tena kuhakikisha kwamba njiani haikuharibika. Msichana yule wa mbele akauliza: "Madamu, haiwezekane kupiga tu simu?" Wenzake wakacheka. Nikaweka chaki chini. Nikawapa zoezi, nikaenda moja kwa moja kwa prefe kuomba ruhusa ya siku tatu.

Mama alinipokea kama mtu wa sensa. Alinipa kiti, akanipa ugali na maharage, akauliza habari za watoto. Nikapiga magoti kwenye sakafu yake, mimi mwalimu mzima mwenye mvi, nikamwambia: "Mama, nisamehe. Nilikuona kama muntu asiyeweza tena." Akaniambia nile, chakula kinapoa. Hakuna zaidi. Usiku viatu vyeusi vilikuwa mlangoni.

Asubuhi tukatoka. Mdogo wangu alifuata nyuma na mfuko mkubwa kichwani, na nikadhani ni maharage yangu, maana sijawahi kutoka kwa mama mikono mitupu. Sikumshika mama mkono, nilijua angeniumbua. Nilitembea tu mwendo wake. Alisimama kila baada ya hatua kumi na tano hivi. Sikuhesabu, au tuseme nilijaribu kutohesabu. Kwenye bomba la maji nikapunguza mwendo nikidhani tunaachana pale, yeye akapita bila kugeuza kichwa. Kwenye kanisa aliketi ngazini muda mrefu, midomo imepauka. Nikamwambia, mama, hapa panatosha. Akasema nani anasindikiza na nani anasindikizwa? Nikasubiri ainuke.

Tulifika daraja la mbao jua likiwa kali. Alikuwa bado hajaniambia neno lolote la njiani, na mimi niliogopa kwamba amelifuta. Pikipiki ilikuwapo. Nikainama kumuaga. Yeye akanipita, akamwambia dereva: "Shikilia vizuri, mutoto wangu, niko mufupi," akapanda.

"Mama, unaenda wapi?"

"Niko nakusindikiza."

"Mupaka wapi?"

"Bado hatujafika."

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa anashusha mfuko na kuutafutia kamba, machozi yanamtiririka waziwazi. Ndani mlikuwa na vitenge vya mama, redio yake, na Biblia.

Hiyo ni miezi saba sasa. Mama yuko kwangu Kilibula, katika chumba kinachotazama uani, na anaonwa na daktari kila wiki. Miguu imepungua. Kitanda chake nimekiinua kwa matofali mawili upande wa kichwa, apumue vizuri akilala. Nikimfunika jioni namwambia kwamba siku hizi kuna saa kali kiasi kwamba zinaweza kutofautisha wakati wa kichwa chake juu ya matofali na wakati wa miguu yake kule chini. Kuna hata maabara ambako wameona tofauti hiyo ndani ya milimita moja. Anasema basi kichwa chake kitazeeka kabla ya miguu, afadhali, miguu ndiyo inayofanya kazi. Majirani wakimuuliza kama amehamia, anashtuka kama ametukanwa. "Nani alihama? Niko namusindikiza tu mutoto. Kesho kesho nitarudi."

Na kila asubuhi ananisindikiza kweli. Anatoka chumbani, anavuka uani akishika ukuta, tunafika kwenye lango la bati, na hapo tunaachana. Nilikuwa naondoka saa moja kasorobo. Sasa nimeanza kujiandaa saa kumi na mbili, ili njia hiyo ya mita tisa iwe na nafasi yake.

Daktari amenieleza bila kuficha kwamba dawa zinampunguzia mzigo, haziurudishi moyo. Mama hakuwa chumbani tulipozungumza, lakini mama si mtoto.

Asubuhi moja ya juma lililopita tulifika langoni, nikashika komeo. Hakusema nenda salama kama kawaida. Alishika mkono wa koti langu.

"Ile siku ulinikimbia," akasema, akitazama barabarani, si mimi. "Nilikuwa na neno."

"Najua, mama."

"Haujue. Nilitaka kukuambia: unibebe. Niko naogopa. Pumuzi ikikatika na usiku, nawaza nitakufa na weye uko mbali."

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akitamka neno hilo, naogopa. Wala alipomzika baba, wala miaka ya vita tulipokimbilia porini tukiwa wadogo. Nikasikia kengele ya kwanza ya shule kutoka barabara ya juu. Nikamwambia kwamba na mimi naogopa, naogopa kila siku, tangu siku ile ya bomba la maji. Akanigeukia na kunitazama usoni, kitu ambacho njiani hakifanywi.

"Basi tuko babili," akasema.

Nikaweka mkoba chini, nikafunga lango kwa ndani, tukarudi polepole hadi kwenye kiti chake. Niliketi sakafuni karibu na miguu yake. Darasa la sita lilinisubiri hadi kipindi cha pili.